Kibali Chetu Kilikuwa Kabatini kwa Mama wa Ubatizo wa Mwanangu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Ifakara tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, nalima mpunga Michenga, nina mtoto mmoja wa kike. Hili ninaloandika nimelibeba tangu miaka ya tisini. Hata padri sijamwambia.

Wakati huo mume wangu alikuwa fundi uashi. Alijenga nyumba za watu mji mzima, sisi wenyewe tumepanga chumba kimoja. Tulipopata kiwanja alifurahi mpaka akashindwa kula. Ramani aliichora mwenyewe: vyumba viwili, sebule, na dirisha la jikoni linalotazama milima ya Udzungwa, kwa sababu nilimwambia nikipika nataka kuiona mvua inavyokuja. Kiwanja kilikuwa na masharti mawili. Usijenge bila kibali, na usipojenga ndani ya miaka mitatu kinarudi serikalini.

Karani wa masijala pale ofisi ya viwanja alikuwa rafiki yangu. Nitamwita Leokadia, si jina lake. Wote tulitoka Mahenge, tulisali jumuiya moja, na ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa binti yangu. Ramani na fomu tulimkabidhi mkononi.

"Shemeji, wewe fyatua tofali tu," alimwambia mume wangu. "Kibali niachie mimi."

Mume wangu akafyatua, akachoma tanuru mbili. Kila nikiuliza naambiwa kamati haijakaa, mara mkubwa amesafiri, mara faili liko mezani. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Majani yakaota juu ya tofali zetu. Mume wangu alitaka aanze msingi kimyakimya, Leokadia akamkataza. "Watakuja kubomoa, shemeji. Subiri."

Tukasubiri. Mwaka wa tatu ukielekea mwisho, mume wangu aliugua wiki moja tu, akafariki. Msiba niliuweka uani kwa mwenye nyumba, ndugu waliotoka Masagati wakawa wanahifadhiwa kwa majirani. Kabla arobaini haijafika nikaletewa barua: kiwanja hakikuendelezwa, kimechukuliwa.

Baadaye akaja afisa mpya. Huyo alitangaza kwamba nyumba ndogo za kuishi hazitasubiri tena kamati. Unapeleka ramani yako, anakuja kukagua mwenyewe, na ndani ya wiki mbili una kibali. Majirani zangu walipata. Na mimi nikaenda, nikamwomba angalau anitafutie faili letu nijue tulikwama wapi. Leokadia siku hiyo hakuwepo kazini. Afisa akafungua kabati la Leokadia, akapekua, akalitoa faili, akasoma. Kisha akanitazama.

"Mama, mbona kibali chenu kilitoka?"

"Kilitoka lini?"

"Miezi minne baada ya nyie kuleta fomu. Kimesainiwa na muhuri upo. Hamkuja kukichukua?"

Akafunua karatasi ya mwisho, akanigeuzia nisome. Kiwanja kilishagawiwa upya, kwa Leokadia. Kumbe ule msingi niliouona unachimbwa kiwanjani nilipopita ulikuwa wake.

Nilimfuata kwake. Hakubisha. Alikaa sakafuni akasema, "Dada, mimi sina mume wala mtoto. Nyie mlikuwa wawili, nikajua mtapata kingine."

Nikamuuliza, "Siku ulipokuja kumzika mume wangu, ulikuwa unajua kibali kiko kabatini?"

Akasema, "Ndiyo."

Sasa aibu yangu mimi. Afisa aliniambia niandike malalamiko, sikuandika. Nilikuwa nimehamia Michenga kulima, na kule maji yakijaa mtoto hafiki shule. Leokadia alipohamia kwenye nyumba alikuja kuniomba amlee binti yangu mjini, asome. Nikakubali. Leokadia alijenga kwa ramani ileile iliyokuwa kwenye faili letu, kwa hiyo mwanangu amekulia ndani ya ramani ya baba yake bila kujua, na dirisha la jikoni liko vilevile. Mimi nikienda naletewa kiti kama mgeni. Na siwezi kusema uongo, Leokadia alimpenda yule mtoto. Alimsomesha mpaka akawa muuguzi. Binti anamwita mama mdogo, na sasa Leokadia ni mgonjwa, yeye ndiye anayemuuguza.

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia huku analia kwa furaha.

"Mama, mama mdogo ananiandikia nyumba! Anataka uje uwe shahidi, uweke sahihi. Hivi kuna binadamu mwenye moyo kama huu? Na wala si ndugu yetu. Baba aliwajengea watu wote, sisi akatusahau, Mungu akatuletea huyu."

Nilisingizia mtandao nikakata simu. Nililia kuliko nilivyolia msibani.

Ndugu zangu, nikisaini, nyumba inamrudia mtoto wa aliyeichora, lakini inakuja kama sadaka ya yule aliyetunyang'anya, na mume wangu anabaki kwa bintiye mwanamume aliyeshindwa kumjengea mkewe. Nikisema ukweli, namvunjia mwanangu mama aliyemlea, tena mama huyo akiwa mgonjwa kitandani. Na ataniuliza kwa nini miaka yote hii nilinyamaza.

Wananisubiri Jumamosi. Ingekuwa wewe mahali pangu, ungesaini? Niambieni, hata kwa ukali. Nitasoma yote.