Karatasi Ile Ile, Majibu Mengine

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alisema mbele ya wenzangu kwamba nina kiburi. Tulikuwa tumetoka mazishini, huko Gesima nilikoolewa, na kama kawaida yangu nilikuwa nimeshinda nyuma ya nyumba nikiosha sufuria badala ya kuketi na wafiwa.

"Mwalimu wetu huyu huja matangani kama kibarua," alisema. "Hashiki mkono wa mtu, halii na mtu. Kusoma huko."

Wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Baba yangu alikuwa mhubiri, na tangu utotoni nilifundishwa kiburi ni nini mbele za Mungu. Kama nilikuwa nacho, ilinipasa kutubu. Lakini nilipojichunguza sikukiona. Niliona tu kwamba watu wakiwa wengi, maneno yao huniingia yote kwa pamoja, kama darasa linalojibu bila kunyosha mikono.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, walimu tuliitwa semina mjini Kisii kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu. Mkufunzi, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, alitueleza hali ambayo siku hizi redio huiita usonji, ya mtu anayeona taabu kuchangamana na watu na kuvumilia kelele. Alisema hata watu wazima huwa nayo pasipo kujua. Akatugawia karatasi ya maswali thelathini, kila mtu ajijibu mwenyewe, ndiyo au hapana. Ndiyo zikipita kumi na tano, mtu aanze kujiuliza. "Lakini hii si cheti cha daktari," alisema.

Nilijaza kwa penseli. Nilipata tisa.

Basi ni kiburi, nikajiambia. Kwa miaka mitatu nilitubu kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na kila mazishi nilirudi kwenye sufuria zangu.

Ndani ya miaka hiyo baba mkwe alifariki, na mwaka uliofuata nikastaafu. Mume wangu alikuwa ametangulia zamani, na watoto walikuwa kazini mbali. Nyumba ilibaki na mimi, saa ya ukutani na mashamba ya chai hadi mlangoni. Zilipita siku nne au tano bila mimi kutamka neno lolote isipokuwa sala. Nilikuwa nikitafuta wimbo kitabuni nikaikuta ile karatasi. Nilifuta alama za penseli, nikajijibu upya.

Ishirini na moja.

Nilihesabu tena kama ninavyosahihisha mtihani. Ishirini na moja, na alama za zamani zikionekana kwa mbali chini ya zile mpya.

Nilisafiri hadi mjini kumtafuta yule mkufunzi. Alinikaribisha ofisini, akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu, hapa unakiri kuwa unaona taabu kumtazama mtu machoni. Mara ya kwanza ulikataa. Kwa nini?"

"Mara ya kwanza baba mkwe alikuwa hai," nilijibu.

Alikuwa Mgusii, akaelewa upesi. Kwetu kuna adabu tunayoiita chinsoni. Mke hamtazami baba mkwe usoni, hampi mkono, hali chakula mbele yake. Niliishi kwenye boma hilo zaidi ya miaka thelathini nikiinamisha macho, nikila jikoni, nikinyamaza, na watu walinisifu kuwa mke mwenye heshima. Swali liliponiuliza kama ninakwepa macho ya watu, niliwafikiria wake wengine wa boma. Sote tulikwepa kwa adabu. Nikaandika hapana.

"Na hili la kufadhaika mpangilio wa siku ukivurugika?"

"Kengele ya shule haikuvurugika hata siku moja."

Alitabasamu. "Hujabadilika sana, Mwalimu. Vilivyokushikilia ndivyo vilivyoondoka. Na tena sasa una huzuni, huzuni nayo hujibu maswali. Mpe mtu anayekujua ajibu pamoja nawe."

Aliyekuwa ananijua ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, mjane kama mimi. Nilimsomea maswali huku akimenya ndizi.

"Kelele zakusumbua? Andika ndiyo. Siku ya harusi yako ulijificha ghalani. Tulidhani kaka ameoa bubu."

"Nilikuwa nasali."

"Ukiwa umeziba masikio? Haya, endelea."

Nilipouliza kama ni vigumu kwangu kujua mwenzangu anapoumia, nilikuwa tayari nimeandika ndiyo.

"Futa," alisema. "Mwanangu alipougua, nani aliniletea kuni wiki sita? Hukusema neno. Uliziweka mlangoni ukaenda zako."

Nilifuta. Tulipomaliza zilikuwa kumi na sita. Wifi aliuliza kama hiyo ni kufaulu au kuanguka. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua, wala hakukuwa na daktari karibu wa kumpima mwanamke wa umri wangu. Lakini kitu kimoja nilikuwa nimekipata. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, sikutubu kiburi. Naamini Mungu hakukasirika kwa toba iliyozidi.

Katika mazishi yaliyofuata mwenyekiti alinikuta nyuma ya nyumba. Nilimwambia nikitazama sufuria, kwa maana vinginevyo nisingeweza: "Mama, ulisema nina kiburi. Nimejichunguza sana. Sinacho. Nikikaa katikati ya watu nazidiwa. Huku nyuma ndiko ninakolia na wafiwa."

Alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa upande wa pili wa karai.

"Hii bado ina masizi," alisema.

Tuliosha hadi sufuria zikaisha, bila neno lingine. Alifanya hivyo siku hiyo moja tu. Mazishi mengine yote nimeosha peke yangu, na hakusema tena habari ya kiburi, wala hakuacha mtu mwingine aiseme. Karatasi ingali kitabuni, kwenye wimbo wa jioni. Imefutwa mara nyingi hata imetoboka, nami sijaijaza tena.