Mafuta ya Mnanaa Dirishani

Siku mdogo wangu aliponiomba nimtunzie mafuta yake ya mnanaa, heri ningemwambia sina nafasi. Angenuna kidogo, yakaisha. Lakini dada yako wa tumbo moja unamkataaje? Nikasema, "Lete."

Alikuwa mjane. Alilima mnanaa Ntalikwa, kando ya kisima, akauchemsha kwenye pipa na kukinga mafuta yaliyotoka na mvuke. Nyumba yake ya bati ilikuwa na joto kama tanuri. Duka langu la asali pale Kanyenye lina kuta nene za udongo, ndani ni baridi. Alileta chupa za kioo cheusi, zimejaa hadi shingoni, kazifunga kwa khanga.

"Kaka, weka chumba cha ndani, gizani. Na usizifungue mpaka mnunuzi wangu, mtengeneza sabuni wa Nzega, aje."

"Natunza asali tangu wewe hujajua kuvaa viatu. Leo unifundishe kutunza chupa?"

Akacheka. "Asali haiozi, kaka. Ndiyo maana una kiburi."

Alisema kweli. Asali ukiisahau itakusubiri. Ikiganda, unaianika juani, inayeyuka. Basi chumba cha ndani kilipojaa madumu ya asali mpya, niliyamimina mafuta yale kwenye mitungi yangu ya kioo cheupe, kila mmoja nusu, nikaipanga dirishani. Yaling'aa. Kila mteja nilimfungulia anuse. "Kazi ya dada yangu hiyo!" Nilijivunia kweli.

Mnunuzi alipofika, mafuta yalikuwa manjano na mazito. Alinusa, akarudisha kifuniko taratibu.

"Mzee wangu, haya yananuka rangi ya mlango. Jua na hewa vimeyamaliza."

Dada yangu, aliyekuja naye, alichovya kidole, akanusa. Hakupaza sauti.

"Ulidhani ni asali, kaka."

Hapo ningeomba radhi. Badala yake nikasema jua la mwaka ule limezidi, kana kwamba jua ndilo lililoihamisha mitungi. Alikunja khanga yake, akatoka.

Mnanaa aliung'oa, akapanda mihogo. Dukani kwangu hajaingia tena. Tukikutana msibani huniamkia shikamoo, naitikia marahaba, kisha kila mmoja anatafuta pa kukaa. Sina ndugu mwingine. Kwa kukubali kutunza nisichokijua, nimempoteza mdogo wangu, naye yu hai, Ntalikwa hapo.