Fundi Sikio na Gari Lisilonguruma

Fundi Sikio hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama, jicho likiwa kwenye gari la mtu. Jina la kuzaliwa lilishasahaulika gereji nzima. Hili la Sikio alipewa kwa ile tabia yake ya kugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa wa gari lako. Na akisema ni plagi, basi ni plagi. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumtajia mteja ubovu usiokuwepo, na kwa hilo alijisifu mpaka wenzake wakamchoka.

Mwaka ule redio ya gereji haikuwa na habari nyingine ila magari ya umeme. Watu wanayataka au hawayataki? Asubuhi anakuja mtaalamu anasema yanagombewa, mchana anakuja mwingine anasema yamedoda. Sikio ndiye aliyekuwa na jibu, na karibu kila siku alipiga simu redioni kulitoa: hakuna anayeyataka hayo madude, ni maneno ya wauzaji tu. Mtangazaji alifika mahali akaijua sauti yake kabla hajajitambulisha. Kwa hiyo uongozi wa mji ulipoitisha mkutano wa hadhara kuhusu vituo vya kuchajia, chama cha mafundi hakikuhangaika kutafuta msemaji.

Wote walidhani anatetea ugali wake. Kumbe, jamani, kilichomsumbua kilikuwa ndani ya familia yake.

Alikuwa na binti mmoja tu, mkunga. Binti huyo aliendesha gari kuukuu ambalo baba mwenyewe alilifufua kutoka kwenye vyuma chakavu, na kila wiki mbili tatu lilimzimikia njiani. Likizimika, binti anampigia baba simu, baba anaacha kila kitu anakwenda. Hapo kando ya barabara, mzee ameinama ndani ya boneti na binti akimshikia spana, waliongea ya dunia nzima. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo hawakuwa na mahali pengine pa kuzungumza. Kwenda kwa binti kumsalimia tu kulimshinda Sikio. Kuketishwa sebuleni na glasi ya soda kama mgeni, mikono haina kazi, akaongee nini?

Siku mbili kabla ya mkutano gari lilizimika tena. Sikio akafungua kidroo cha dashibodi kutafuta fyuzi ya akiba, akakuta kadi ya kampuni inayouza magari ya umeme. Jina la binti yake limeandikwa wazi, na chini yake nambari ya foleni: arobaini na sita. Akairudisha ilipokuwa, akabadilisha fyuzi, akawasha gari, akasema limepona. Spana akazikusanya mwenyewe upesi upesi, hadi binti akamuuliza kama anaumwa.

Siku hizo mbili hakutulia kabisa. Karbureta moja aliifungua mara tatu na haikuwa na ubovu wowote. Redio aliizima, akaiwasha, akaizima tena. Mara amkasirikie mtoto kwa kumficha, mara ajikasirikie mwenyewe, maana sababu ya kufichwa aliijua. Alijua pia kwamba mwezi uliopita binti alichelewa kumzalisha mama mmoja kwa sababu ya gari lile, na yeye akajifanya hakusikia. Gari la umeme halina plagi wala karbureta, na halizimiki ovyo. Huyu mtoto atanipigia simu kwa lipi, alijiuliza.

Ukumbi ulijaa pomoni. Mafundi na ovaroli zao upande huu, wauzaji na mashati yao meupe upande ule, na nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama binti akiwa bado na sare ya kazini. Alikuja kumsikiliza baba yake. Sikio alianza kwa kishindo, akawapa wauzaji vidonge vyao, makofi yakapigwa. Alipofika pale pa kusema hakuna anayeyataka, mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, akamkatiza kwa adabu.

"Mzee wangu, katika watu unaowajua wewe mwenyewe, hakuna hata mmoja?"

Neno moja tu lilitakiwa, na wenzake wangembeba mabegani. Sikio akafumba macho kama afanyavyo kwenye injini. Watu wakasubiri, wengine wakaanza kukohoa.

"Yupo," akasema. "Binti yangu. Anaitwa saa yoyote kuzalisha watu, na gari nililompa mimi linamwacha njiani. Mwezi uliopita alimkuta mtoto ameshazaliwa bila mkunga. Analitaka, na ana haki ya kulitaka."

Mafundi walimzomea hadi akashuka jukwaani.

Binti alimkuta nje, akilizunguka lile gari kuukuu na kugongagonga magurudumu kwa kiatu. Akamwomba radhi, akasema alitaka kumwambia ila aliogopa kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Sikio akajibu kwamba heshima yenyewe imeshazomewa, asijisumbue. Wakacheka kidogo. Kisha binti akamuuliza taratibu:

"Baba, kwani siku zote hizo ulikuwa unafuata gari?"

"Gari tu," akasema Sikio. "Fundi atafuata nini kingine?"

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu aanze ufundi, na aliusema vibaya. Binti, aliyekua akitambaa katikati ya injini za baba yake, akafumba macho kama afanyavyo yeye.

"Hiyo injini yako ina mlio, baba," akasema. "Jumapili njoo nyumbani. Na usije na spana."

Sikio akaitikia kwa kichwa, akaanza kufuta mikono kwenye ovaroli, akaifuta na kuifuta, na mikono yenyewe siku hiyo ilikuwa safi.