Karibu Sana Maktaba

Jumanne nilikuwa kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Shinyanga, nikipekua magazeti ya zamani. Kwenye meza ya jirani, binti mmoja alikuwa akisoma kitabu cha miamba, nakala pekee iliyopo, maana mchana alikuwa na mtihani.

Akaja mkutubi na simu mkononi, nyuma yake wanafunzi watatu waliovaa wakapendeza.

"Dada, tupishe kidogo. Tunapiga picha za ukurasa wetu wa mtandaoni, tunahamasisha wanafunzi waje kusoma."

"Lakini mimi si nimeshakuja, kaka?"

"Ndiyo maana hatuna wasiwasi na wewe."

Akamchukulia na kitabu, kwa kuwa jalada lake lilikuwa zuri. Wale watatu wakakishika, mmoja akakifungua juu chini, wakatabasamu. Wakarudia tena na tena.

Binti akaenda kukaa ngazini. Picha ya kwanza ilipopandishwa, akaandika chini yake: "Naomba kitabu hicho, nina mtihani saa nane."

Jibu lilikuja upesi, likiwa na mioyo mitatu: "Asante kwa kutufuatilia. Karibu sana maktaba."

Nilipopita pale ngazini, alinionyesha simu. Nami, mtu mzima mwenye kalamu, nikaishia kuandika haya.