Kisigino cha Mama, Jina la Senje

Nilipokuwa mtoto huko Mayoni, kazi yangu ya jioni mvua ikishanyesha ilikuwa kufuta nyayo. Nilivunja tawi nikafagia kutoka mlangoni hadi barabara ya matrekta ya miwa, ili alama ya mguu wa mtu wetu isilale nje. Kukhu, mama yake Baba, ndiye aliyetufundisha. Alisema adui akichota udongo wa unyayo wako ukiwa mbichi, anaufunga kwa kitambaa na kuuning'iniza juu ya moto, na mguu wako unaanza kuungua kutoka ndani. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili hatukosi. Lakini nyayo tulifagia.

Mwaka mmoja Mama akiwa mjamzito alikuwa akipalilia miwa amevaa patipati zilizokwisha, kisigino kinagusa chini. Asubuhi moja alishuka kitandani akapiga kelele, akashika ukuta. Alisema ni kama amekanyaga msumari, na msumari haupo. Akitembea kidogo maumivu yanapungua, akikaa halafu asimame yanarudi.

Kukhu hakuuliza mengi. "Nani amechota udongo hapa?"

Na kweli mtu alikuwa amechota. Senje, dada mkubwa wa Baba, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika bila mtoto, akapewa kanyumba nyuma ya migomba. Wiki ile alikuwa akisiliba sakafu yake, na kila mtu alimwona akijaza karai udongo mwekundu kando ya njia yetu, kwa sababu pale ulikuwa laini.

"Ni wa kusiliba, mama," alimwambia Kukhu. "Njoo ushike sakafu kwa mkono wako."

"Mwenye wivu hakosanga jibu," Kukhu akasema.

Baba alinyamaza. Alikuwa mtu mwema, lakini alinyamaza. Ikaamuliwa kwamba Senje asipite uani bila mtu kufuta nyuma yake, na mtu huyo nikawa mimi. Njia ya kisima ilipita uani kwetu, kwa hiyo kila alipokwenda kuteka maji nilimfuata nimeinama, tawi mkononi, nikifagia mahali alipotoa mguu. Hakunipiga hata siku moja. Alinitania tu bila kugeuka: "Fagia vizuri, bibi askari. Hapo kwa kidole gumba umeruka."

Watoto wa jirani walicheka. Nami nikacheka nao, nikafagia kwa mbwembwe zaidi. Senje alitembea polepole, mgongo umenyooka, nikawaambia wenzangu, "Ona maringo ya mchawi."

Siku moja wazee wa kanisa walikuja kumwombea Mama. Senje akapita na maji ya kuwapikia chai, nami nyuma yake na tawi langu. Wageni walitazama, kisha wakatazama pembeni. Kesho yake alifunga vitu vyake kwa shuka akaenda Matete, kwa rafiki yake aliyeuza mboga huko. Hakuaga mtu.

Haikupita muda Mama akajifungua. Alikaa ndani miezi, akiletewa obusuma, yaani ugali, na mchuzi wa kuku, bila kushika jembe. Kisigino kikapona.

"Mnaona?" Kukhu alisema. "Si nilisema mimi?"

Tuliona. Tukatoa ushuhuda kanisani.

Sasa mimi mwenyewe ni mtu mzima, nakaanga chapati Kakamega mjini, nasimama kwa saruji kutwa. Mwaka jana asubuhi moja nilishuka kitandani nikakanyaga msumari ule ule. Nitasema ukweli mbele ya Mungu: kitu cha kwanza nilichofanya ni kufikiria jirani gani hanipendi. Mimi, ambaye akina mama wa kanisa wananiita niwaongoze kwa maombi.

Nilipokwenda zahanati, nesi aliniuliza, "Hatua za kwanza asubuhi ndizo zinauma zaidi, siyo?" Akabonyeza kisigino, nikaruka. "Si kitu cha ajabu, mama. Chini ya mguu kuna mshipa mpana kama mkanda, na wako umechoka. Unasimama sana, na hizo ndala hazina kitu ndani."

Alinifundisha kuvuta vidole vya mguu kuja kwangu kabla sijashuka kitandani. Nisukume ukuta mguu mmoja ukiwa nyuma, umenyooka, mpaka shavu la mguu livutike. Nibingirishe chupa ya maji baridi chini ya unyayo, nivae viatu vyenye kisigino laini, nisitembee peku kwa saruji, na nivumilie, maana inachukua miezi. Mguu ukivimba, ukifa ganzi, au nikishindwa kuukanyagia, nirudi upesi.

"Na mjamzito anaweza kuipata?" nikauliza.

"Sana. Uzito umeongezeka. Akipumzika, mara nyingi inaisha yenyewe."

Nilibaki kwenye benchi la nje hata baada ya wagonjwa wengine kuondoka.

Jumamosi nikaenda Matete. Senje amezeeka, lakini alinijua, akaweka chai. Neno lililonipeleka lilikataa kutoka, nikajikuta namweleza habari za viatu na chupa.

"Kumbe ni chupa tu?" akacheka. "Na mimi ninavyosumbuka nacho hiki."

"Nini, Senje?"

"Kisigino. Kilianza huko kwenu. Si tulikuwa tunapalilia shamba moja na mama yako?"

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la wazi. "Nimwambie nani? Mchawi akichechemea, watu wanasema dawa imemrudia. Nilikuwa najikaza, natembea hivyo hivyo."

Kila jioni tulikuwa tumesali kwa ajili ya mguu wa Mama. Kumbe nyumbani kwetu kulikuwa na wawili wenye maumivu yale yale, na mmoja tulimwombea, mwingine tukamfukuza.

Nikasema samahani.

"Wacha hiyo," Senje akasema. "Mtoto hutumwa."

Ni kweli nilitumwa kufagia. Kucheka hakuna aliyenituma, na hilo sikuweza kumwambia.

"Haya, nionyeshe hayo ya nesi," akasema, akanyoosha mguu. Nikapiga magoti, nikautafuta mshipa kwa kidole gumba, nikabonyeza. Mguu ulitetemeka, lakini yeye hakutoa sauti. Nikaendelea kuinama pale chini, kwa sababu sikuwa na uso wa kuinua.