Kiti cha Mtazamaji

Boti ni yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayepita mbele ya nyumba yetu hapa Thornhill, Kanada, huniuliza mume wangu yuko wapi, kana kwamba mwanamke wa hijabu aliyeinamia injini ameshikishwa bisibisi kwa muda tu, mwenyewe yuaja. Mume wangu yumo ndani. Anaogopa maji, hata ya bwawa la kuogelea, na haoni haya kulisema. Mimi ndiye niliyekulia Mwanza katika duka la vipuri la baba yangu, na kabla sijajua kujisuka nywele nilishajua kutofautisha mpira wa rejeta na mpira wa breki.

Niliinunua majira ya kuchipua ya mwaka jana kutoka kwa mzee mmoja anayeishi kando ya Ziwa Simcoe, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu. Ni boti fupi ya kuvuta kwa kamba watu wanaoteleza juu ya maji. Wanangu waliitamani kwa ajili hiyo ya kuteleza, nami niliizunguka mara mbili nikijifanya sina haraka. Kilichonimaliza ni neno moja la yule mzee, aliposema kwamba ina hita ya kupasha watu joto. Nikamfikiria mama, nikatoa mkono.

Mama alikuwa akiishi nasi. Sala aliziomba kwa Kiarabu, hesabu alizipiga kwa Kikachi cha mababu zetu wa Kihindi, na utani wake wote ulikuwa wa Kiswahili, ingawa wajukuu walimjibu kwa Kiingereza. Alizaliwa Mwanza, ziwa likiwa mwisho wa mtaa wao, na hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini. Kaka zake walikwenda kila Jumapili. Yeye alibaki kusaidia jikoni, maana binti wa Kihindi wa siku zile hakupelekwa ziwani. Alikuwa akilisimulia jambo hilo bila uchungu, tena huku akicheka. "Nilitaka mara moja tu," alikuwa akisema. "Mji uwe kule, mimi niwe huku, niutazame." Kisha aliolewa, akazaa, akahamia Dar es Salaam, akahamia Kanada. Na Kanada kitu alichokiogopa ni baridi. Hata mwezi wa Juni, huku ukiwa wa joto, alivaa sweta mbili, ya juu na ya akiba.

Sasa, sheria ya huku inataka boti inayomvuta mtu iwe na mtu wa pili mbali na dereva, wa kumtazama yule anayevutwa, asije akaanguka na dereva asijue. Ana kiti chake mahsusi, kinachoangalia nyuma. Nilimwambia mama kazi hiyo ni yake.

"Mshahara?" akauliza.

"Chai."

"Chai naipika mimi mwenyewe. Nataka mshahara."

Kilichotushinda ni mwezi. Sisi ni Mashia Ithnaashari, na Muharram na Safar, pamoja na siku nane za mwezi unaofuata, kwetu ni wakati wa maombolezo. Tunavaa nyeusi, tunakwenda majlisi, hatuozi wala hatutoki matembezi ya starehe. Mwaka jana Muharram iliingia mwishoni mwa Juni. Kabla yake nilikuwa nimeishusha boti ziwani mara mbili na watoto, lakini mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na daktari alimkataza upepo. Nikajua tuna wakati. Halafu ikaja Muharram, na joto nalo likaja na Muharram. Siku moja ya Julai, jasho likinitiririka ndani ya nguo nyeusi, nilisema mbele yake kwamba pengine kupanda boti kimya kimya, bila muziki, si starehe hasa.

Mama alinitazama na lile jicho lake jipya. "Ukiteleza juu ya maji umevaa nyeusi," akasema, "ndiyo utakuwa umeomboleza?"

Boti ilikaa mbele ya gereji chini ya turubai majira yote ya joto.

Tulivua nyeusi mwanzoni mwa Septemba, na harusi zikaanza. Aliyelelewa katika jamii yetu anajua mambo yanavyokuwa. Harusi zilizozuiwa miezi miwili na ushei hufunguliwa zote kwa mpigo, na usipoonekana kwenye moja utaulizwa kwenye zote zilizobaki. Kila Jumamosi tulikuwa ukumbini, kila Jumapili tulikuwa kwenye chakula cha mchana cha wale wale wa jana. Ningeweza kukosa moja. Hili nimelifikiria sana. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa binamu wa mume wangu, watu ambao walituweka meza ya karibu na mlango wa jikoni, nasi tukala tukipishana na wahudumu. Nje jua lilikuwa zuri, na mama alikaa ameligeuzia uso dirisha. Tungeikosa ile, wenyewe wangenuna wiki moja wakasahau. Niliogopa maneno ya watu, basi.

Oktoba ikawa ni wakati wa kuilaza boti. Kwetu maji hayana ubaya na chuma zaidi ya kutu. Huku yakibaki ndani ya injini yanaganda, yanatanuka na kupasua chuma, kwa hiyo lazima uyatoe yote kabla ya baridi kali. Injini niliimudu. Hita ndiyo sikuiona. Nilikuwa sijawahi hata kuiwasha, maana niliyemkusudia alikuwa hajapanda. Nilijua ilivyo: ni rejeta ndogo yenye feni, inaletewa maji ya moto na mpira mmoja kutoka kwenye injini na kuyarudisha kwa mpira mwingine. Nilijua pia kwamba injini inaweza kukaushwa na rejeta hiyo ikabaki imejaa. Ila ilikuwa imefichwa wapi? Mzee aliyeniuzia nilimpigia simu, akasema yeye alikuwa akimwachia fundi. Nilichungulia chini ya usukani, nikainua viti, nikaifuata mipira mpaka ilipopotelea chini ya sakafu. Nikatukana kidogo kwa Kikachi.

Mama alitoka na shali yake na kikombe cha chai. "Umepoteza nini?"

"Hita."

"Ile yangu?"

"Ile yako."

Njia iliyobaki ilikuwa kuiwasha na kusikilizia joto linatokea wapi, na mimi nilitakiwa nikae kwenye injini. "Mama," nikasema, "nipe miguu yako kidogo."

Nilimpandisha kwa ngazi ya jikoni, nikimsukuma kutoka chini, goti lake likilalamika. Alikaa kwenye kiti cha mtazamaji kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Niliutumbukiza mpira wa injini wa kunyonyea maji kwenye ndoo, nikafungulia bomba la bustani juu yake, nikawasha. Boti ikanguruma pale pale juu ya trela.

"Inakunywa kama ng'ombe," mama akasema akiitazama ndoo.

Tulingoja maji yapate moto. Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya miti iliyogeuka rangi, na mtaani hapakuwa na mtu. Mama aliangalia nyuma, kuelekea barabarani, kama kiti kilivyomtaka. "Sasa nimtazame nani?" akauliza.

"Nitazamie yeyote atakayeanguka."

"Hajaanguka mtu." Baadaye kidogo akasema, "Miguuni. Linatoka hapa miguuni."

Nilitambaa mpaka kwake. Nyuma ya ubao uliofunikwa zulia, ubavuni mwa boti kando ya miguu yake, ndimo ilimokuwa, ukubwa wa tofali. Mama alikuwa ameshavua viatu. Soksi zake zilikuwa zimeegemea tundu la hewa, na shali ilikuwa imeshuka mabegani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona nje ya nyumba, Kanada, akiwa hajajikunyata.

"Twende sasa hivi," akasema.

"Wapi?"

"Ziwani. Boti iko juu ya trela, gari hilo hapo, hita inafanya kazi."

Nilimwambia jua linazama mapema. Nilimwambia baridi inakuja wiki ile na nimeshanunua dawa ya kuzuia maji kuganda. Nilimwambia pengine gati limeshaondolewa kabla ziwa halijaganda, jambo ambalo sikulijua na sikujaribu kuulizia. "Mwakani, Inshallah," nikasema. "Mwezi unarudi nyuma, Mama. Mwakani Safar itaisha katikati ya Agosti. Tutapata wiki mbili za joto lenyewe."

"Mwezi unarudi nyuma," akasema. "Mimi nakwenda mbele."

Hakulisema kwa kulaumu. Alisubiri kidogo, nami nikajifanya naikagua ndoo. "Haya," akasema. "Basi usizime kwanza. Nimalize chai."

Nilimwachia mpaka akamaliza, lakini nilisimama na mkono karibu na ufunguo, naye aliuona. Alikunywa haraka. Nilipozima, miguu yake ilibaki pale pale mpaka hewa ilipopoa.

Nilifungua vibano, nikachomoa mipira miwili ya hita, nikapuliza upepo kwenye mmojawapo mpaka tone la mwisho likatoka upande wa pili. Kisha nikamimina ile dawa, ambayo ni ya pinki, hadi ikatokea pinki vilevile ilivyoingia. Mama alikuwa amehamia kwenye kiti mlangoni mwa gereji, amejifunika tena.

"Ya nini hiyo?"

"Ili isipasuke kwa baridi."

"Nami nitilie kikombe," akasema. Nilicheka sana.

Mama alifariki Februari, kwa kichomi, baada ya siku chache za hospitali. Theluji ilikuwa imejaa makaburini, na wanaume waliikanyaga wakafanya njia mpaka kwenye shimo ili jeneza lipite.

Mwezi huu wa Mei nimeitoa boti chini ya turubai. Nimeweka ndoo, nimefungulia bomba, nimewasha injini. Nimekagua nyuma ya ule ubao kwa tochi na kupapasa mipira yote kwa vidole, hakuna hata tone. Mume wangu alitoka mpaka kizingitini, akauliza kama imepona. Nikamwambia imepona. Akasubiri nishuke. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtazamaji, nimevua viatu, joto likinipiga miguuni, nikilia bila kujificha. Jua lilikuwa linateremka na nilikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Sikuizima.