Poda ya Tonton Rigobert

Kopo la poda ya watoto lilikaa juu ya televisheni ya Tonton Rigobert tangu Januari, na ole wake aliyeligusa. Mtoto mchanga hakuwepo nyumbani humo. Poda ilikuwa ya kichwa cha Kahambu, mpwa wake, siku atakapofaulu. Huko Butembo, kwao Kongo walikotoka, mtu akifaulu mtihani mkubwa haachwi na pongezi za mdomo tu. Anamwagiwa poda mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, anazungushwa mtaani, na hata wasiomjua wanapiga vigelegele. Tonton ameishi Brussels miaka mingi na bado haelewi kwa nini Wabelgiji wanafaulu kimyakimya utadhani wamefiwa.

Januari poda ilikwenda na kurudi mfukoni bila kufunguliwa. Kahambu alisimama mbele ya jopo kutetea mradi wake, sauti ikamkauka, kifaa chake kikagoma kuwaka, akaambiwa arudi Juni. Juni ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akianguka tena, madarasa yote yale ya jioni, baada ya kazi, miguu ikiwaka moto, yangekuwa yamekwenda na maji.

Si kwamba alikuja Ulaya mikono mitupu. Alikuwa na graduat yake ya elektroniki, ameisomea miaka mitatu Butembo, umeme ukikatika katikati ya somo na mwalimu akiendelea kuchora saketi gizani kwa kumbukumbu. Brussels waliisoma hiyo karatasi, wakaigeuza mbele na nyuma, wakakubali kwamba ni nzuri, ila haijafika. Ilibaki sehemu ya juu ndipo aitwe bachelier, mwenye shahada kamili. Basi kwenye karakana ya Anderlecht, anakotengeneza kadi za saketi zinazoendesha lifti za yale maghorofa ya serikali, waliiamini mikono yake kwa kila kitu isipokuwa kalamu. Akimaliza kazi, mwenzake wa meza ya pili, mwenye bachelier, anakuja kusaini. Wala hakuwa mtu mbaya. Kwa heshima kabisa alimuuliza, "Hapa umefanya nini?" ili ajue anachokisaini. Kahambu alimwelezea huku akitabasamu, na moyoni anachemka. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake likae chini ya kazi yake.

Mradi wenyewe aliutoa nyumbani. Mumewe, Guylain, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na unga ulikuwa umemwingia kifuani. Alikohoa akivaa viatu, alikohoa akisali, na siku ya harusi ya binamu yake alikohoa mpaka mpiga picha akakata tamaa. Kahambu akaunda kisanduku chenye jicho dogo linalopima vumbi hewani. Hewa ikiwa safi, taa ni ya kijani. Unga ukizidi, taa inageuka nyekundu, kengele inapiga kelele na feni inaanza kuvuta. Walikijaribu kiwandani majuma kadhaa, kikafanya kazi vizuri hata wafanyakazi wakaomba kisiondoke. Lakini jopo haliamini michoro peke yake, linataka kuona kwa macho. Kwa hiyo Kahambu alijaza unga wa kiwandani kwenye chupa pana ya jemu, akaifunga yote ndani ya kitambaa cha jikoni, akaiweka mezani tayari kwa kesho yake.

Sasa jiko hilo, mtaani Schaerbeek, ni la Kahambu na Guylain, na ni la Tonton Rigobert pia, anayeishi nao na anayejiona mpishi. Siku ya utetezi aliamka wa kwanza kukaanga mandazi ya sherehe. Ndiyo, ya sherehe. Mtihani haujafanyika, lakini mandazi yalishaanza. Katikati ya kukanda akaona kinyunga ni kidogo, akatazama huku na huku, akafungua kitambaa mezani, akakuta unga mweupe, laini, akamshukuru Mungu. Tusimwonee, chupa aliirudisha. Aliiosha, akaijaza pilipili iliyosagwa na mafuta, ya kulia mandazi, akaifunga vilevile na kitambaa kilekile. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwa maoni yake hapakuwa na la kuambiwa.

Shule iko upande wa Saint-Gilles, karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Alasiri walifika watatu: Kahambu na kisanduku chake, Guylain ndani ya suti ya harusi inayombana, na Tonton na mfuko wa mandazi, kopo la poda limetuna kwenye koti. Kahambu akaingia, mlango ukafungwa.

Na safari hii sauti ilikuwepo! Ilikuwepo mpaka ikabaki ya akiba. Alieleza saketi, akajibu maswali, hata akatania, na wale watatu wa jopo wakawa wanaandika huku wakiitikia kwa kichwa. Mwenyekiti, Bwana Mathieu, mwalimu mrefu mwenye ndevu za kijivu, akamwambia, "Vizuri sana, Madame. Sasa tuoneshe."

Kahambu akawasha. Taa ya kijani ikawaka, safi kama jani la muhogo baada ya mvua. "Na sasa," akasema kwa madaha, "unga." Akafungua kitambaa.

Jopo likaitazama chupa. Kahambu akaitazama chupa.

"Samahani," akasema Bwana Mathieu, "huu unga ni mwekundu?"

"Hii ni... pilipili ya mafuta, Bwana."

Mmoja wao akacheka, akajifanya anakohoa. Kahambu alijaribu kila kitu. Alipuliza juu ya kabati. Alipiga koti lake kwa viganja viwili. Alitikisa pazia. Chumba kilikuwa kimesafishwa hata inzi angeteleza, na ubao ulikuwa ule mweupe wa kuandikia kwa kalamu, chaki hakuna. Taa iliendelea kuwaka kijani kwa utulivu wa kuudhi. Mwishowe Bwana Mathieu akasema kwa upole kwamba maelezo ni mazuri, ila kifaa lazima kionekane kikifanya kazi, ndiyo sheria, na tafadhali angoje nje wajadiliane. Kisanduku kikabaki mezani, kimewashwa.

"Alors?" akauliza Tonton mara tu alipotokeza.

"Tonton," akasema Kahambu, polepole, "bunga ya mu bocal iko wapi?"

"Bunga gani?"

"Ile nilifunga mu kitambaa, ku meza."

"Ah, ile!" Uso wa Tonton ukang'aa. "Ile iko mu beignets. Bunga ilikuwa kidogo, donc nikaongeza. Zilitoka bien, utaona."

"Tonton!" Guylain akashika kichwa. "Ile ilikuwa ya jury!"

Tonton akafikiri. "Bon. Jury ikule beignets."

Kahambu alitaka kulia, na badala yake kicheko kikamshika, kile kibaya, cha msibani, kinachotoka bila ruhusa. Alicheka ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, na ndani ya kicheko hicho alikuwa anajiaga mwenyewe. Alimwona mwenzake wa meza ya pili akija na kalamu yake, leo, kesho na mpaka kustaafu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Bwana Mathieu akatoka, akauacha wazi nyuma yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anashuka stoo kutafuta kifutio cha zamani cha chaki, au zulia lililosahaulika, chochote chenye vumbi, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kumpa mama huyu nafasi moja ya mwisho. Lakini ni mtu mwenye adabu, na akiwaona wageni anasalimia. Akatabasamu, akampa mkono Guylain. Akampa mkono Tonton Rigobert. Akampa mkono Kahambu.

Kwa Tonton hiyo ilikuwa hukumu, imesomwa na kupigwa muhuri. Huko kwao mwalimu wa jopo akitoka na kumpa mkono mwanafunzi na ukoo wake, mambo yamekwisha. Aliyeanguka hapewi mkono, anapitwa.

"Munaona?" akapiga kelele. "Professeur hapeanake mukono na mutu mwenye ameanguka! Iko bon! Mutoto ya dada yangu ameshinda!"

"Tonton, non, ngoja kwanza..."

Wapi. Kopo lililokaa juu ya televisheni tangu Januari lilikuwa limengoja vya kutosha. Kifuniko kiliruka, na poda ikashuka juu ya Kahambu, kichwani, mabegani, mdomoni. Tonton alimwaga kwa mkono wa kulia na kutupa kwa mkono wa kushoto, akizunguka na kupiga vigelegele ambavyo kwao ni kazi ya wanawake, lakini wanawake hawakuwepo na kazi lazima ifanyike. Bwana Mathieu akapata sehemu yake ndevuni. Wingu likajaa ukumbini, likaona mlango wazi, likaingia.

Ndani ya chumba kengele ikalia.

Ililia kwa hasira zake zote. Kahambu akasukuma kila mtu, akaingia mbio, mweupe kutoka nywele hadi viatu, akamkuta mmoja wa jopo amesimama juu ya kiti kwa mshtuko. Taa ilikuwa nyekundu! Feni ilikuwa inavuta, poda inaingia kwenye kichujio kama ilivyochorwa, na namba kwenye kioo zilikuwa zinapanda, zinapanda, alizijua namba hizo, zilikuwa zake. "Angalieni!" akapiga kelele kwa Kifaransa, akisahau kabisa kwamba wale ni jopo. "Angalieni, inavuta!" Alirukaruka, poda ikamdondoka, na kila akiruka namba zilipanda zaidi.

Kisha akasikia kikohozi nyuma yake. Furaha ikamkatika papo hapo, akageuka.

"Guylain! Toka mu vumbi! Enda ku dirisha, haraka!"

Guylain akaenda dirishani, anakohoa na kucheka kwa zamu.

"Ni yeye anayefanya kazi kiwandani?" akauliza Bwana Mathieu, akipangusa miwani.

"Ni yeye," akasema Kahambu. "Nilikitengeneza kwa ajili ya kifua chake."

Bwana Mathieu alimtazama yule bwana wa suti inayobana aliyekuwa akivuta hewa dirishani, akatazama kisanduku kinachopiga kelele, akawatazama wenzake wawili. Kisha akawatoa wageni, na Kahambu pia, akafunga mlango.

Ukumbini Tonton alikuwa ameshaelewa alichofanya, na alisimama amekumbatia kopo, mdogo ghafla, mtu mzima anayetamani sakafu ipasuke. "Kahambu, mama," akanong'ona, "unisamehe. Mimi nilikuwa na furaha ya mingi." Kahambu alimshika mkono.

Mlango ukafunguliwa, wakatoka wote watatu. Bwana Mathieu akanyoosha mkono, na Tonton akarudi nyuma hatua moja kwa woga.

"Madame Kahambu," akasema Bwana Mathieu, "kuanzia leo wewe ni bachelier wa elektroniki. Hongera." Halafu akamgeukia Tonton. "Mzee, imebaki kidogo?"

Tonton akatikisa kopo. Ilibaki.

"Inamwagwa vipi?"

"Ku kichwa, professeur. Bila huruma."

Na Bwana Mathieu, mbele ya wenzake, akamwaga. Kengele ikaanza tena, na safari hii hakuna aliyejisumbua kuizima. Guylain alipiga vigelegele kutoka dirisha la ukumbini, alikoamriwa na mkewe kubaki. Mandazi yakatolewa, na jopo likala ule unga liliokuwa linaungoja, tena kwa pilipili. Kwenye tramu ya kurudi Schaerbeek Kahambu alikaa mweupe katikati ya watu, na maman mmoja wa Kikongo asiyemjua kabisa alimwona tu, akasimama, akapiga vigelegele mpaka kituo kilichofuata.

Jumatatu alitengeneza kadi ya lifti ya ghorofa moja ya Anderlecht. Alipomaliza, mwenzake wa meza ya pili akaja kama kawaida, kalamu mkononi, akauliza, "Hapa umefanya nini?"

Kahambu akaichukua ile kalamu, akasaini. "Utaona kwenye karatasi," akamwambia, "nimeandika jina langu."